Redio ya VHF ya kuanzia hapa Mombasa: mie nlinunua kinyumenyume

Redio yangu ya kwanza ya mkononi iko kwenye droo ya jikoni pamoja na mishumaa na funguo zisizojulikana za mlango gani, na sio kwamba imeharibika, la, inafanya kazi vizuri tu, ila nlichokuja kugundua baada ya mwaka na nusu ni kuwa nlinunua kinyumenyume. Nlianza na redio, nkaja kwa antena, nkamalizia na waya. Ningeanza na waya. Bas haya ni maoni yangu kuhusu vitu nlivonunua vya kuingilia bendi ya mita 2, vizuri na vibaya, kwa mtu alioko hapa Mombasa, sio Nairobi wala Ulaya, sababu hapa kwetu kuna adui mmoja ambaye zile video za mtandaoni hazimtaji kabisa, naye ni chumvi.

Kwa asojua, redio ya ridhaa ni ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, hawauzi kitu wala hawatangazi kitu, wenyewe huitwa ham, na sisi watu wa pwani neno hilo halitupi taabu, hamu ikikushika imekushika. Mita 2, yani bendi ya VHF ambayo wimbi lake lina urefu wa kama mita mbili, hapa Afrika ni kutoka megahezi 144 mpaka 146. Nasema mapema sababu redio nyingi zinazouzwa zimefunguliwa mpaka 148 kwa ajili ya Marekani, na hizi za Kichina zinapanda mpaka 174, utajiona umepewa dunia nzima kumbe ukifika 156 ushaingia kwa mabaharia. Chaneli 16 ya baharini iko 156.800, ndio ya kuomba msaada chombo kikipata shida, na sisi tuna bandari pale Kilindini, sasa wewe ubonyeze kitufe kwa kujaribu tu "halo halo" juu ya watu wanaoingiza meli, wallahi usifanye. Leseni inatoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ile CA, unapewa kolsaini, jina lako la hewani, inayoanza na 5Z4, na kabla hujaipata kazi yako ni masikio peke yake. Na ukiagiza kitu kutoka nje uliza mapema mambo ya idhini ya aina ya kifaa, usingoje kishikwe forodhani ndo uanze kukimbia huku na huku.

Haya, kile kiredio cha kwanza. Nlikipata duka moja hapa mjini wanapouza spika na simu na redio za mabaunsa, jina la duka sitalitaja na la redio pia sitalitaja, nyote mnazijua hizi za bei ya chini, wati 4 au 5, tochi juu, na sauti ya mwanamke anayekusomea chaneli kama anakugombeza. Muuzaji akanambia, "Babu, hii inafika Malindi." Nkacheka lakini nkalipa. Malindi ni zaidi ya kilomita 100.

Na hesabu yake haina siri hata. Mawimbi ya VHF huenda karibu na mstari ulionyoka, yanapinda kidogo tu kuufuata mviringo wa dunia, kwa hivo upeo wake kwa kilomita ni kama 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Ukisimama chini na redio mkononi, mita moja na nusu, unapata kilomita 5. Antena ikikaa juu mita 16, yani ghorofa nne na kijiti, inakupa 16 na ushei, na mwenzako naye akiwa na 16 zake mnajumlisha mnapata 33, hapo mshafika Diani. Wati hazimo kwenye hio hesabu. Wati zinakusaidia kusikika vizuri ndani ya huo upeo, lakini haziusogezi, unaweza kuwa na wati 80 umekaa uani Majengo katikati ya magorofa ukashindwa na kijana wa wati 5 alioko juu Mazeras.

Mkononi kilikuwa poa kwa kiasi chake. Kutoka Tudor nlikuwa naongea na jamaa yangu alioko Nyali, maji tu ndo yako baina yetu, sauti safi kama simu. Shida ilianza nlipokiunga na antena ya nje. Nlitegemea masikio yafunguke, kikawa kiziwi, yule yule wa Nyali akawa anakatika katika, mara nasikia mkwaruzo, mara vipande vya mtu mwengine anaesema mambo ya makontena. Nkadhani antena ndo mbovu, nkaishusha mara tatu juani, kumbe antena ni nzima na redio ndo imezidiwa. Hizi redio ndogo kila kitu kinafanywa na chipu moja, na mlangoni hakuna kichujio cha maana, kwa hivo antena kubwa ikiletea kila kilichoko hewani, stesheni za FM, redio za bandari, za walinzi, chipu haijui ishike lipi iache lipi. Ni kama kumnong'oneza mtu alosimama mbele ya spika za harusi. Ukitaka kuijaribu ya kwako kabla ya kulipa, sikiliza mtu wa mbali kwa antena ile ya mpira iliyokuja nayo, alafu uchomeke antena ya nje. Sauti ikizorota badala ya kunawiri, ushajua.

Kuna jengine la upande wa kurusha ambalo ni la kweli kwa nyingi za bei ya chini, zinamwaga takataka kwenye masafa maradufu, yani unaongea 145 na kijisehemu chako kinasikika 290 na 435 huko. Kwa wati 4 na antena ya mpira si balaa kubwa, ukiweka antena ya juu ndo unakuwa jirani mbaya.

Sasa mtu akiniuliza ya mkononi ninunue ipi namwambia mbili, kulingana na mfuko. Quansheng UV-K5 kama pesa ni kidogo. Hii ilitingisha watu 2023 na bado ninaipenda, wati 5, betri ya 1600 mAh, inachajiwa kwa waya wa simu wa USB-C tu, hilo pekee kwangu limemaliza ugomvi wa kutafuta chaja nyumbani. Utamu wake hasa ni kwamba watu wametoa programu za bure za kubadilisha ya kiwandani, ukiiweka unapata kioo kinachokuonyesha mawimbi yalivosimama kwenye bendi kama vijiti, unaona mtu anaongea kabla hata hujamsikia, kwa anaejifunza hapana shule nzuri kuliko hio. Nayo ni ya chipu moja, usiibebeshe antena kubwa sana ukategemea miujiza, na mwili wake ni plastiki ya kawaida, ufukweni funga kwenye mfuko.

Ya pili ni Yaesu FT-65R, hii si yangu, ni ya ami mmoja jirani yetu alokuwa mtu wa redio melini miaka hio, mie naiazima kwa kisingizio cha kumchajia. Wati 5 pia, lakini ukiishika tu unajua, nzito nzito, imekazwa, ina kiwango cha IP54 yani vumbi na rasharasha haziisumbui, na masikio yake ni ya heshima, niliichomeka kwenye antena yangu ya juu na haikuzorota kama ile yangu. Kasoro ni kioo, cha mtindo wa zamani, na menyu zinataka subira. Lakini kwa mtu wa Likoni anaevuka feri kila siku na upepo wa bahari, au anaetembea Mama Ngina jioni, mie ningemwambia ajikaze aongeze pesa achukue hii.

Kuzijaza chaneli usibonyeze kwa vidole utazeeka. Kuna programu ya bure ya CHIRP, unaandika kwenye kompyuta kama daftari unaisukuma kwa waya. Kabla ya kubadilisha chochote soma kwanza ilichokuja nacho ukihifadhi, hilo nlilijua kwa njia ngumu na sitaki kulizungumzia. Mie nimeweka 145.500, ndio ya kuitana watu kwa FM upande wetu huu wa dunia, na 145.800 ambayo ntaifikia.

Antena sasa, na hapa ndo roho yangu iko.

Kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni robo wimbi. Megahezi 145 urefu wa wimbi ni mita 2 na kidogo, robo yake ukipunguza kidogo kwa sababu ya unene wa waya ni kama sentimita 49. Chukua soketi ya waya wa antena, ile SO-239, lehemu kijiti cha shaba cha 49 katikati, na vinne vya kama 51 kwenye pembe zake ukivikunja chini kwa mshazari, umemaliza, watu wa jua kali wanaolehemu mabomba ya friji wana vijiti vya kufaa na haifiki bei ya sahani ya biriani. Nlitengeneza ya kwanza hivo hivo, ikafanya kazi vizuri sana kwa miezi minne. Alafu kunguru wakaipenda. Na kile kijiti cha juu chumvi ikakishika, kikawa na ngozi ya kijani, pale kilipolehemewa pakaanza kulegea, ukigusa sauti inakuja ukiachia inapotea.

Nliyo nayo sasa ndo nawashauri watu wa kisiwani wote, ile inaitwa Slim Jim. Ni utepe, ule waya bapa wa omu 300 wa erio za televisheni za zamani, urefu jumla kama mita moja na nusu, unaukata sehemu moja pembeni na kuunga waya wako karibu na chini, haihitaji vijiti vya pembeni. Sababu ya kuipenda si nguvu zake, ni kwamba inaingia nzima nzima ndani ya bomba la PVC la maji, juu unafunika kwa kifuniko na gundi, chini unaacha tundu dogo la jasho kutoka, na chumvi haina pa kuingilia. Kwa nje mtu anaona bomba tu. Mwenye nyumba wangu mpaka leo anadhani ni ya tangi.

Angalizo moja lilonipotezea Jumamosi nzima, plastiki inayashusha masafa ya antena. Nliipima nje ya bomba ikakaa 145 kamili, nkafurahi, nkaisukuma ndani nkapima tena ikawa imeshuka chini ya 144, sikuelewa, nkaitoa, ikarudi, nkaingiza, ikashuka, jirani ananitazama kutoka dirishani kama mtu anaesukuma nyoka ndani ya bomba. Kwa hivo pima ikiwa ndani, ukate milimita chache, urudishe, upime. Kipimo ni kile kidubwana kinaitwa NanoVNA, kidogo kama simu, na hichi nasema bila kupepesa ni pesa nzuri kuliko zote nlizotumia, kinakwambia antena yako inapenda masafa gani na SWR ngapi, yani nguvu kiasi gani inarudi nyuma badala ya kwenda hewani, 1 ndo safi kabisa, bila hicho unafanya kazi ya mganga.

Mlingoti nlitumia boriti ya mkoko. Watu wanakimbilia bomba la chuma, lakini chuma hapa baada ya msimu mmoja kinakulilia kutu ukutani, boriti imezoea chumvi tangu ilipozaliwa, haipitishi umeme kuivuruga antena, na inabeba upepo wa kusi bila kunung'unika. Kama nyumba yako ni ya mabati una bahati nyengine pia, chukua antena ya sumaku ya gari uibandike katikati ya bati, bati lote linakuwa ardhi yake, nimeona ikifanya kazi Kisauni vizuri mpaka nkaona wivu. Hakikisha tu ni bati la chuma, la alumini sumaku haishiki.

Waya. Hapa nlipigwa.

Nlikwenda kutafuta waya wa koaksi wa omu 50, ule wa kuunga redio na antena, muuzaji mmoja, si yule wa redio, akanambia hii ni RG-213 orijino, aina ile ya waya mzuri, mnene mnene, umeandikwa kabisa pembeni, nkabeba mita 20. Nyumbani kuukata kwa wembe ndani nakuta ule wavu wa shaba umesukwa kichovu, nyuzi za kuhesabika, katikati unaona plastiki, na uzi wa katikati ukiukwaruza shaba inatoka chini yake kuna chuma cheupe. Sumaku ikaushika. Nlirudi, akanambia bidhaa ikishakatwa hairudi. Sasa nikienda dukani natembea na kisumaku mfukoni na kisu kidogo, naomba nikate sentimita mbili za mwisho, anaekataa simlaumu, naondoka tu.

Kwa nini nahangaika na waya? Kwa sababu waya unakula. RG-58, ule mwembamba ambao kila mtu anakuuzia, kwenye 145 unapoteza kama desibeli (kipimo cha nguvu inavopungua) 18 mpaka 20 kila mita 100, kwa mita 20 hio ni karibu 4, yani umetia wati 50 juu zimefika 20. RG-213 ya kweli mita hizo hizo inapoteza chini ya 2, zinafika 34 hivi. LMR-400, waya wa hali ya juu, ni kama 1 tu, unabaki na 40, lakini ni mgumu kama fimbo na bei yake utakaa chini kwanza. Na unavopoteza ukirusha ndo hivo hivo unavopoteza ukisikiliza, tena mbaya zaidi, maana kile kisauti kidogo cha mbali hakina cha kupoteza.

Ujanja wa maskini, na mie nimeutumia miezi saba, ni RG-6 ya dishi la televisheni. Ni omu 75 sio 50, watakwambia haifai, lakini tofauti hio inakupa SWR ya 1.5 tu, redio yoyote ya maana inaivumilia, na upotevu wake kwenye VHF uko karibu na wa RG-213 kwa bei ya robo. Tabu yake ni wavu wa alumini, haulehemeki, inabidi utumie konekta za F na adapta, na alumini ikikutana na shaba na hewa ya bahari hapo hapo zinaanza kulana.

Ntawaeleza hili la chumvi kwa tukio moja. Baada ya masika SWR yangu ilipanda kutoka 1.3 mpaka 3 na kitu. Ami akapanda na mie juu kwenye paa, mtu wa miaka sabini na ngazi anaipanda kuniliko, akaishika ile konekta ya PL-259 nliyoiviringishia silikoni nyingi kama keki, akaichana kwa kisu, akainusa.

"Mwanangu, hapa ulifungia nini?"

"Silikoni, ami. Ile ya vioo vya madirisha."

"Ulipoipaka ilinuka siki?"

Ilinuka ndio, mpaka macho yaliwasha. Akatikisa kichwa. Ile harufu ya siki ni asidi kweli, silikoni ya aina hio ikikauka inaitoa, na asidi hio inaila shaba, yani mie nlikuwa nimeifungia konekta yangu ndani na adui badala ya kumfungia nje. Pini ya katikati ilikuwa kijani kama ganda la embe bichi. Ami akauvua waya ngozi, wavu wa shaba ukawa mweusi, akaukunja kwa kidole ukakatika kama tambi kavu. Akakata nusu mita, mweusi. Nusu nyengine, mweusi. Maji yanapanda ndani ya wavu kama mafuta kwenye utambi. Tulitupa mita tatu ndo tukafika kwenye shaba nyekundu.

Sasa nafunga hivi, tepu ya mpira ile isiyo na gundi, unaivuta mpaka inakuwa nyembamba ndo unazungusha, inajishika yenyewe kwa yenyewe ikawa kitu kimoja, alafu juu yake tepu nyeusi ya kawaida kuikinga na jua. Kama lazima silikoni, ile isiyonuka. Na waya kabla haujaingia dirishani uutengenezee tumbo kwa chini, maji yadondokee nje yasiufuate mpaka kwenye redio yako. Kila miezi mitatu nafungua moja natazama. Nyumba ikiwa Changamwe au ndani zaidi labda si lazima, Kizingo au Nyali mbele ya bahari wala usibishane.

Redio ya mezani nliyotulia nayo ni Yaesu FT-2980R, mtumba, kwa mtu alokuwa anahama. Ni ya mita 2 peke yake, haina bendi ya pili, haina kioo cha rangi, haina feni hata, mgongo wote ni mapezi ya alumini, karibu kilo mbili ukiiweka mezani meza inajua. Wati 80 juu, na unaweza kushusha 30, 10 au 5. Mie nakaa kwenye 10 siku nyingi, sababu nyengine ni umeme wenyewe, kwenye 80 inavuta karibu ampea 15, ukishusha 10 ni kama tano. Masikio yake ndo nliyoyanunua. Antena ile ile, waya ule ule, mahali kiredio cha kwanza kilikuwa kinakohoa hii inakaa kimya, alafu mtu akiongea anaongea. Spika yake ya ndani ina nguvu mpaka mke wangu alinunua pazia zito. Ukirusha muda mrefu kwenye 80 mgongo unachemka, hilo ni la kutegemewa kwa isio na feni, hapa kwetu joto hili usiifungie kwenye kabati.

Adapta ya umeme ya bei ya chini nliyoanza nayo ilikuwa inaongea kuliko watu, mlio mwembamba kila kilohezi kadhaa bendi nzima. Nkaiondoa nkaweka betri ya LiFePO4 ya ampea-saa 20 na paneli ndogo ya sola, bendi ikanyamaza palepale. Na stima ikipotea mtaani, taa za LED za majirani nazo zikizima, hapo ndo utaisikia VHF ilivo safi, mpaka unaona haya kufurahia giza la wenzio.

Zile redio kubwa za kila kitu, Icom IC-9700, Yaesu FT-991A, zinazofanya na SSB, aina nyengine ya kurusha sauti tofauti na FM, pale 144.300, mie sina na sidhani mtu wa kuanzia anazihitaji. SSB inataka antena iliyolala sio iliyosimama, ya kuzungushwa, na watu wa kuongea nao. Lakini siwezi kusema hainiwashi, kwa sababu hewa juu ya bahari ya joto mara nyengine inajipanga tabaka kama mkate wa sinia ulioiva vibaya, mawimbi yanaingia baina ya tabaka yanakimbia mbali kuliko ile hesabu yangu ya upeo, na sisi tumetazama Pemba na Unguja maji matupu. Kwa wanaokusanya miraba, yani vile visanduku vya ramani ya dunia ambavyo ham hutajiana mahali walipo, kisiwa chetu ni KI95, ukipita Bamburi kuelekea Mtwapa ushaingia KI96, yani mtu anaweza kutoa miraba miwili kwa nauli ya matatu.

Ukweli mmoja ambao muuzaji hatakwambia, bendi hapa ni kimya. Unaweza kuita 145.500 jioni nzima usijibiwe. Ndio maana nasema ununue masikio kwanza. Jioni moja nlikuwa juu ya paa na UV-K5 na antena ya mkononi nliyotengeneza kwa vipande vya tepu ya fundi ya kupimia, ile ya chuma, vipande vitatu kwenye bomba la PVC, nimeiweka 145.800, na kituo cha anga cha kimataifa kikatokea upande wa Likoni. Kiko juu kilomita kama 400, kinazunguka dunia kila dakika 90 hivi. Siku ile walikuwa wanatuma picha, ile SSTV, unasikia mlio kama kinanda kilichopandwa na wazimu. Nkaweka simu karibu na spika na programu ya Robot36, ya kugeuza mlio kuwa picha, imefunguliwa, na picha ikaanza kuteremka mstari kwa mstari, adhana ya magharibi ikaanza na simu ikaichora adhana pia, katikati ya picha kuna mkanda wa vumbi vumbi, ni muadhini wetu huyo. Nimeichapisha, iko ukutani. Kiredio, antena ya tepu na simu niliyokuwa nayo tayari, na nlikuwa nasikiliza tu.

Kwa hivo mtu akinijia na pesa ya kununua redio ya mezani leo, namwambia anunue NanoVNA, mita 15 za waya wa kweli, bomba la PVC na UV-K5, alafu akae nayo mpaka leseni itoke. Pesa ilobaki aifiche.

Ami mwenyewe kumbe miaka yote hio hana antena ya nje, ana ile FT-65R mkononi tu anaitembeza barazani. Nimemkatia Slim Jim yake, iko tayari ndani ya bomba, boriti nimenunua, Jumapili tunapanda kuifunga, isipokuwa mkewe amesema mahali pale pale ndo anapotaka kamba ya kuanikia nguo na mpaka jana usiku walikuwa hawajaafikiana.